Dokezo la pembeni: kutoka Dallas hadi Houston

Mwezi Oktoba mwaka 2001, katika jiji la Houston, jimbo la Texas nchini Marekani, mashine ya kuchana karatasi ilikuwa ikinguruma karibu bila kupumzika ndani ya jengo la kampuni ya nishati ya Enron. Mashine hiyo haikuwa ya Enron. Ilikuwa ya wakaguzi wake wa hesabu, kampuni ya Arthur Andersen, waliokuwa na ofisi humo humo jengoni. Karatasi zilipozidi uwezo wa mashine, makasha makubwa yalijazwa na kusafirishwa hadi ofisi kuu ya Andersen mjini humo, yakamaliziwe huko. Wakati huo huo barua pepe na mafaili ya kompyuta yalikuwa yakifutwa kwa maelfu.

Picha ya karatasi zilizochanwa ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu za watu. Lakini kisa hicho kilibeba swali jingine, lililo tulivu zaidi na ambalo halijapatiwa jibu kamili hadi leo: je, waraka ni yale tu yaliyopigwa chapa na kutiwa saini, au ni pamoja na maneno yaliyoandikwa pembeni mwake na waliousoma kabla haujakamilika?

Msikilizaji aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali, Dar es Salaam au Dodoma, hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwa kuwa Kiswahili cha ofisi kina neno lake mahsusi. Neno hilo ni dokezo. Katika jalada linalotunzwa masjala kwa desturi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, barua hufungwa upande mmoja, kila moja na namba yake ya folio, na karatasi za madokezo huwekwa upande wa pili. Ofisa mdogo humwandikia mkubwa wake maoni kuhusu folio fulani, na mkubwa hujibu kwa mstari mmoja, pengine kwa neno moja, kisha saini na tarehe. Barua husema kilichoamuliwa. Dokezo husema nani alipinga, nani alitahadharisha, na nani alijua. Kwa sababu hiyo mtafiti mzoefu akipewa jalada huanza kusoma upande wa madokezo.

Tofauti ni kwamba katika jalada la karatasi, vyote viwili vimefungwa kwa kamba moja. Kompyuta ndiyo iliyoikata kamba hiyo.

Hata hivyo, ingekuwa si haki kuilaumu kompyuta peke yake. Madokezo yalikuwa yakipotea zamani, na mfano mmojawapo mkubwa unapatikana takriban kilomita 385 kaskazini ya Houston, katika jiji la Dallas.

Tarehe 22 Novemba 1963, Rais John F. Kennedy aliuawa kwa risasi mjini humo. Mtuhumiwa, Lee Harvey Oswald, alikamatwa siku hiyo hiyo, na hadi asubuhi ya tarehe 24 Novemba, alipopigwa risasi na Jack Ruby mbele ya kamera za televisheni, alikuwa amehojiwa kwa jumla ya saa 12 hivi katika makao makuu ya polisi ya Dallas. Aliyesimamia mahojiano hayo alikuwa Kapteni Will Fritz, mkuu wa kikosi cha mauaji na unyang'anyi. Hakukuwa na chombo cha kunasa sauti, wala karani wa kunukuu. Tume ya Warren ilipochunguza mauaji hayo iliandika kwamba Kapteni Fritz hakuweka maandishi yoyote ya mahojiano. Kwa miaka zaidi ya 30 dunia ilikubali kwamba maneno ya Oswald chumbani humo yalibaki katika vichwa vya waliomsikia na katika taarifa walizoziandika baadaye.

Kapteni Fritz alifariki dunia mwaka 1984. Mwaka 1997, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kusimamia ufunguaji wa nyaraka za mauaji ya Kennedy ilitoa hadharani kurasa chache za mwandiko wake: vifungu vifupi, maneno yaliyokatizwa, vikionyesha Oswald alisema nini kuhusu alikokuwa na alichokifanya. Mtu ambaye hakutajwa jina alikuwa amezikabidhi kwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Maandishi yaliyosemwa kuwa hayapo yalikuwapo.

Karatasi nyingine ya Dallas haikuwa na bahati hiyo. Wiki chache kabla ya mauaji, Oswald alifika katika ofisi ya FBI mjini humo na kuacha ujumbe kwa James Hosty, ofisa aliyekuwa akimfuatilia. Saa chache baada ya Oswald kufa, Hosty aliichana karatasi hiyo na kuitupa chooni. Alisema baadaye kwamba aliagizwa na mkuu wake, na mkuu huyo alikana. Habari hiyo ilifichuka mwaka 1975, na kwa kuwa karatasi haipo, yamebaki masimulizi mawili yasiyopatana: Hosty alisema Oswald alilalamikia tu kusumbuliwa kwa mkewe, ilhali mfanyakazi aliyeupokea ujumbe huo alikumbuka kitisho cha kulipua ofisi.

Turejee Houston, kwani huko hakuna aliyehitaji kutumia choo. Kulikuwa na sera.

Arthur Andersen, kama kampuni nyingi kubwa, ilikuwa na sera ya utunzaji wa nyaraka. Sera hiyo iliagiza kuwe na jalada moja kuu kwa kila kazi ya ukaguzi, lenye taarifa zile tu zinazothibitisha kazi iliyofanyika. Rasimu na vipande vya maandishi havikutakiwa kubaki. Kwa maneno mengine, upande wa barua utunzwe, upande wa madokezo uondolewe. Sera hiyo hiyo ilitamka pia kwamba ikiwa kuna tishio la kesi, kisiharibiwe kitu. Tarehe 10 Oktoba 2001, kiongozi mmoja wa kampuni aliwakumbusha wafanyakazi 89, wakiwamo 10 wa kikundi kilichokagua Enron, umuhimu wa kuifuata sera. Siku mbili baadaye mwanasheria wa kampuni, Nancy Temple, alituma barua pepe yenye ukumbusho wa namna hiyo hiyo. Tarehe 16 Oktoba Enron ilitangaza hasara ya dola milioni 618 kwa robo ya tatu ya mwaka. Tarehe 23, mkuu wa kikundi cha ukaguzi, David Duncan, aliwaagiza watu wake waitekeleze sera, na mashine zikaanza kunguruma. Hazikunyamaza hadi tarehe 9 Novemba, siku moja baada ya tume inayosimamia masoko ya hisa kuitaka rasmi kampuni ilete kumbukumbu zake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Enron ilikuwa na madaftari mengi kupita kiasi, ila hayakusema ukweli. Hisa iliyouzwa kwa zaidi ya dola 90 mwezi Agosti mwaka 2000 ilishuka chini ya dola moja, na tarehe 2 Desemba 2001 kampuni iliomba kinga ya mufilisi. Maelfu ya wafanyakazi wa Houston walipoteza kazi, na wengi wao walipoteza pia akiba ya uzeeni, iliyokuwa imewekwa katika hisa za kampuni hiyo hiyo. Ndiyo maana umma ulitaka kujua wakaguzi waliona nini, waliona lini, na waliandika nini walipoona.

Kesi ya Andersen ilisikilizwa Houston, na tarehe 15 Juni 2002 baraza la wazee wa mahakama liliitia hatiani kwa kuzuia haki. Hapo ndipo pana kinaya. Wajumbe wa baraza hilo walipozungumza baadaye, walieleza kwamba si makasha ya karatasi yaliyowashawishi. Kilichowashawishi ni barua pepe moja. Duncan alikuwa ameandika kumbukumbu kwamba aliionya Enron kuwa maelezo yake ya hasara yangeweza kuupotosha umma. Temple alisoma rasimu ya kumbukumbu hiyo, na tarehe 16 Oktoba akapendekeza marekebisho: jina lake liondolewe, kutajwa kwa wanasheria kuondolewe, na maneno yanayoashiria kwamba Andersen iliona taarifa ile kuwa ya kupotosha yafutwe. Tani za karatasi zilichanwa, lakini kilichoiangusha kampuni hiyo mahakamani ni dokezo juu ya rasimu, lililobaki katika kompyuta.

Andersen ilikuwa na watu 85,000 duniani kote. Ilisalimisha leseni zake za ukaguzi, ikasambaratika. Tarehe 31 Mei 2005, Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote tisa, iliitengua hukumu, ikisema baraza halikuelekezwa ipasavyo kwamba ni lazima mtuhumiwa awe na utambuzi wa kutenda kosa. Wakati huo kampuni ilikuwa imebaki na watu 200 hivi.

Sheria iliyozaliwa na kisa hicho, Sarbanes-Oxley, ilisainiwa tarehe 30 Julai 2002 na kuweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayeharibu au kughushi nyaraka ili kuzuia uchunguzi. Kanuni iliyofuata, ya Januari 2003, haikupata umaarufu huo, lakini kwa makala haya ndiyo yenye uzito. Iliwataka wakaguzi kutunza kwa miaka saba si karatasi za kazi tu, bali pia barua na maandishi ya kielektroniki yenye maoni na uchambuzi, yakiwamo yale yanayopingana na uamuzi wa mwisho. Yaani dokezo la mtu aliyekataa limepewa ulinzi wa sheria.

Kuamuru ni rahisi. Ugumu ulikuwa katika mashine zenyewe, na hapa inabidi kueleza kidogo jinsi zinavyofanya kazi.

Ikumbukwe kwamba miji hii ya Texas si mgeni katika historia ya kompyuta. Dallas ndiko Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alikoonyesha sakiti unganishi ya kwanza mwaka 1958, na Houston ndiko kampuni ya Compaq ilikoanzishwa mwaka 1982. Lakini umbo la waraka linalotumiwa leo na ofisi karibu zote, yaani PDF, lilitoka California. John Warnock, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Adobe, alilipendekeza mwaka 1991, na likatolewa mwaka 1993. Nia yake ilikuwa ukurasa uonekane vile vile katika kompyuta yoyote na kutoka vile vile katika mashine yoyote ya kuchapa. Tangu toleo la kwanza, msomaji aliweza kubandika juu yake kikaratasi cha maoni.

Namna dokezo hilo lilivyotengenezwa ndiyo asili ya mambo yote yaliyofuata. Ndani ya faili la PDF, ukurasa huchorwa kwa maagizo yake: weka herufi hii hapa, chora mstari pale. Dokezo halimo katika maagizo hayo. Linakaa kando, likiwa na vipimo vya mahali linapopaswa kuonekana, jina la mwandishi, tarehe ya kubadilishwa, na maneno yenyewe. Programu ya kusomea hulitandaza juu ya ukurasa mfano wa karatasi angavu. Linaweza kubanduliwa na ukurasa usibaki hata na kovu. Tena jina la mwandishi ni lile tu lililojazwa katika programu ya kompyuta yake; mtu yeyote anaweza kujaza jina lolote. Karani wa masjala aliyezoea kuitambua saini ya mkurugenzi angeshtuka.

Sasa chukua faili hilo ulitie katika programu ya kutunza nyaraka, zile zinazotumiwa na kampuni za mafuta na za uhandisi za Houston, au na mawakili wa Dallas na Fort Worth. Kazi ya programu hizo ni kulinda waraka usibadilishwe kiholela, kuhesabu matoleo yake, na kuandika nani aliufungua na lini. Mchoro mmoja wa bomba hupita mikononi mwa wahandisi kumi. Kila mmoja akihifadhi maoni yake ndani ya faili, faili limebadilika, na programu italihesabu kuwa ni toleo jipya ingawa mchoro ni ule ule. Mmoja akilifunga ili aandike, tisa wanasubiri.

Watengenezaji walipata njia ya kukwepa mkwamo huo, nayo ni kuyatenga madokezo. Adobe ilibuni faili dogo linalobeba maoni peke yake bila kurasa, ili msomaji aliye mbali atume madokezo tu, yabandikwe kwenye waraka ulio makao makuu. Kampuni ya Documentum, ya California nayo, ilikuwa na huduma iliyoyahifadhi maoni ya PDF katika hazina yake kama vitu vya kujitegemea, vilivyounganishwa na waraka kwa kiungo. Wahandisi kumi wakaandika kwa pamoja, na waraka haukuguswa.

Ni ufumbuzi mzuri, na ndani yake mna mtego. Toleo jipya la waraka likiongezwa aya mbili, dokezo lililoelekezwa ukurasa wa 14 hubaki likielea juu ya aya isiyohusika. Kampuni ikinunua programu nyingine, kurasa huhamishwa, na madokezo yanaweza kubaki katika hifadhidata ya zamani ambayo hakuna tena anayeifungua. Hakuna mashine inayonguruma wala kasha linalobebwa, na pengine hakuna hata mtu aliyekusudia ubaya. Tatizo hili halijatatuliwa na sheria yoyote inayoadhibu nia mbaya.

Mawakili wa Texas waliliona mapema kuliko wengi. Kanuni za mashauri ya madai za jimbo hilo, zilizoanza kutumika Januari 1999, zina kifungu cha taarifa za kielektroniki. Anayezitaka hana budi kuziomba mahsusi na kutaja anazitaka kwa umbo gani. Mahakama za shirikisho zilifuata Desemba 2006. Kwa hiyo wakili anayeomba "nyaraka" tu anaweza kupewa picha safi za kurasa, bila dokezo hata moja, na asidanganywe na mtu. Aliomba barua, akapewa barua.

Kuna na upande wa pili wa kosa hilo hilo, ambapo tabaka la juu linadhaniwa kuwa ni sehemu ya ukurasa kumbe sivyo. Mwaka 2005 jeshi la Marekani lilitoa taarifa ya PDF kuhusu kuuawa kwa Nicola Calipari, ofisa wa ujasusi wa Italia, mjini Baghdad. Sehemu za siri zilikuwa zimefunikwa kwa mistari myeusi. Wasomaji waliyanakili maneno hayo, wakayabandika kwenye ukurasa mwingine, na siri zote zikasomeka. Wino mweusi ulikuwa karatasi angavu tu.

Mwaka huo huo kilipitishwa kiwango cha kimataifa cha PDF kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu. Kinakataza madokezo ya sauti, ya filamu na ya mafaili yaliyoambatishwa, kwa hofu kwamba vizazi vijavyo havitaweza kuyafungua. Hofu hiyo ina msingi. Lakini maana yake ni kwamba kabla ya kuingizwa hifadhini, waraka wenye madokezo ya aina hiyo lazima uvuliwe kwanza.

Mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza yanamhusu nini. Yanamhusu. Mwaka 2011, katika kesi ambayo wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau waliishitaki serikali ya Uingereza, ilibidi London ikiri kwamba katika ghala la Hanslope Park kulikuwa na majalada takriban 8,800 yaliyoondolewa katika makoloni 37 kabla ya uhuru, na kati yake 1,500 hivi yalitoka Kenya. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, fidia pamoja na gharama za kesi, katika madai ya Wakenya 5,228. Majalada yale yaliweza kufikishwa mahakamani kwa sababu aliyeyachukua aliyachukua yakiwa yamefungwa, barua na madokezo pamoja. Nako Tanzania, Mamlaka ya Serikali Mtandao imetengeneza mfumo wa e-Office, unaolihamisha jalada kutoka masjala hadi katika kompyuta. Swali la Houston limefika Dodoma: mfumo huo utakapobadilishwa na mwingine, kama mifumo yote inavyobadilishwa, nani atahakikisha kwamba dokezo linasafiri na folio yake?

Enron yenyewe imeacha kumbukumbu ya ajabu. Mwaka 2003 tume ya nishati ya Marekani iliweka hadharani barua pepe za wafanyakazi wake wapatao 150, na mkusanyiko unaotumiwa na wanasayansi wa kompyuta duniani una barua zipatazo nusu milioni. Viambatisho vimeondolewa. Msomaji hukutana na mtu akimwambia mwenzake atazame alichokiandika kwenye rasimu, na rasimu haipo. Ni madokezo yasiyo na jalada.

Nyaraka za Dallas zimekwenda njia nyingine. Karatasi za polisi wa mji huo kuhusu mauaji ya Kennedy zimepigwa picha na zinaonekana katika tovuti ya Chuo Kikuu cha North Texas, kilichoko Denton, kaskazini ya Dallas na Fort Worth. Na kuanzia tarehe 18 Machi 2025, Hifadhi ya Taifa ilitoa nyaraka nyingine za mauaji hayo, mafaili ya PDF zaidi ya 2,000. Mengi ni picha za karatasi kuukuu. Mihuri, mistari ya kalamu, maneno yaliyochorwa pembeni, vyote vimeganda ndani ya picha pamoja na ukurasa, na hakuna programu inayoweza kuvibandua. Kompyuta pia huvisoma kwa taabu. Anayetaka kujua ofisa fulani aliandika nini pembeni hana budi kufungua ukurasa mmoja baada ya mwingine na kuusoma kwa macho yake.